Damu Kabla ya Sindano

Mtu aliyeandikwa msichana siku aliyozaliwa, akakua akijijua kuwa mwanaume, huulizwa mengi kuhusu nia yake anapotaka kuanza testosteroni, na machache mno kuhusu damu yake. Ndugu humuuliza nani amemwingiza katika mambo hayo. Mchungaji humuuliza kama ameomba. Daktari naye, mshangao ukishamtoka, humuuliza kama ana hakika. Maswali hayo yana wakati wake. Lakini lipo moja ambalo jibu lake linaweza kumkinga na kiharusi akiwa bado kijana, nalo haliulizwi: damu yako leo, kabla ya sindano ya kwanza, ni nzito kiasi gani?

Nalisisitiza swali hili kwa watu wa Luano kuliko kwa watu wa mahali pengine, na sababu zangu ziko kwenye ardhi yenyewe. Luano, huku Katanga nchini Kongo, ni upande wa Lubumbashi unaojulikana zaidi kwa uwanja wa ndege, ulioko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mgodi wa Ruashi, wa shaba na kobalti, hauko mbali. Malaria ipo, na huzidi nguvu wakati wa mvua. Tena ni vigumu kupata ukoo usio na mtu anayejua maana ya kuwa AS au SS, herufi za selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Mwinuko, madini, malaria na selimundu, kila kimoja hugusa chembe nyekundu za damu, na testosteroni nayo huzigusa hizohizo. Miongozo ya homoni inayofuatwa duniani, ule wa Chama cha Endokrini cha Marekani wa mwaka 2017 na toleo la nane la viwango vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa transi, la mwaka 2022, ni mizuri na ninaitegemea katika sura hii. Hata hivyo sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Australia, watu ambao hawajawahi kupumua vumbi la Katanga.

Dawa yenyewe ina umri. Testosteroni ilitengenezwa maabara mwaka 1935, na haikupita miaka mitano Mwingereza Michael Dillon akaanza kuimeza kwa vidonge ili mwili wake ufanane na mtu aliyekuwa anajijua. Baadaye alisomea udaktari huko Dublin. Anayekwambia kwamba haya ni majaribio ya juzi hana habari, maana wanaume wamepita njia hii kwa zaidi ya miaka 80, na kinachotokea mwilini kinajulikana vizuri. Hedhi hukatika, mara nyingi ndani ya miezi sita. Sauti huzama ndani ya mwaka wa kwanza na hairudi juu hata dawa ikiachwa. Mtu alijue hilo mapema, kwa sababu jirani wa Luano atalisikia kabla ya kuona unywele wowote kidevuni. Ndevu huchukua miaka kadhaa kujaa. Chunusi huja, misuli huongezeka, na wenye ukoo wa upara huanza kuuona.

Lisiloonekana ni kazi inayofanyika ndani ya mifupa, ambako chembe nyekundu hutengenezwa. Testosteroni huchochea erithropoietini, homoni ya figo inayoamuru chembe nyekundu zitengenezwe. Pia hushusha hepsidini, protini ya ini inayobana madini ya chuma, hivyo chuma hupatikana kwa wingi zaidi. Juu ya hayo, mwili uliokuwa ukipoteza damu kila mwezi hauipotezi tena. Matokeo ya mambo haya matatu husomwa kwenye kipimo kimoja kiitwacho hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Kwa wanawake wengi ni kati ya asilimia 36 na 46 hivi. Kwa wanaume ni 40 hadi 50 na ushei. Kupanda kutoka kundi la kwanza kwenda la pili ndiko kunakotarajiwa. Hatari iko katika kupitiliza, kwa maana damu ikizidi kuwa nzito huenda ikaganda ndani ya mshipa wa mguu, wa pafu au wa ubongo.

Mwaka 2021 madaktari wa Amsterdam walichapisha rekodi za wanaume 1,073 wa transi, yaani walioandikwa wasichana walipozaliwa, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Karibu 11 katika kila 100 walipita asilimia 50 ya hematokriti. Waliopita 54, kiwango ambacho kwa kawaida dawa husimamishwa, hawakufika hata mmoja katika 100. Damu ilipanda zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wavuta sigara na wenye uzito mkubwa wa mwili. Takwimu hizi zinanituliza, na ningependa zimtulize pia mama anayedhani mwanawe anakwenda kujiua kwa sindano. Ila wale walianza wakiwa na damu ya watu wa Amsterdam, mji ambao sehemu zake ziko chini ya usawa wa bahari.

Sasa tuje kwenye kobalti. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu kloridi ya kobalti, kwa sababu madini haya huudanganya mwili kwamba oksijeni imepungua, na figo hujibu kwa kumwaga erithropoietini. Ni mlango uleule unaogongwa na testosteroni. Tiba ile ilifanya kazi, damu ikaongezeka kweli, lakini baadhi ya wagonjwa walivimba tezi ya shingo na madaktari wakaiacha. Katikati ya miaka ya 1960 watengeneza bia wa Québec, Kanada, walitia kobalti katika bia ili povu lidumu, na wanywaji wazito wakaanza kufa kwa moyo kushindwa kusukuma damu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia wakati huo ilichimbwa Katanga na kampuni ya Union Minière.

Leo Kongo bado inatoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine zote zikiwekwa pamoja, na waliopima imeingiaje katika miili ya watu ni wasomi wa hapahapa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa ukanda wa shaba. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno kuliko waliokaa mbali. Mwaka 2018 kundi hilo lilirudi na matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbuliwa hadi ndani ya nyua za watu, na huko watoto walikutwa na kobalti nyingi kuliko watu wazima.

Sisemi kwamba kila anayepumua vumbi la Luano ana damu nzito. Kiasi kilichomo kwenye vumbi hakilingani na kile walichomezeshwa wagonjwa wa miaka ya 1950. Ninachotaka ni daktari amuulize kijana aliyekaa mbele yake anafanya kazi gani, na nyumbani kwao walifanya kazi gani. Katika machimbo mengi ya Katanga wanawake hukatazwa kushuka shimoni, kwa imani kwamba madini yatapotea, wakaachiwa kuosha na kuchambua mawe juu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kama msichana katika familia ya wachimbaji huenda amesimama kwenye maji ya madini tangu utotoni, hata kama leo anauza vocha za simu karibu na uwanja wa ndege na neno "machimbo" halimo kwenye faili lake. Historia hiyo iandikwe. Na kama fedha inaruhusu, tezi ya shingo nayo ipimwe, kwa sababu tezi iliyolegea huleta uchovu na huzuni ambavyo baadaye vitasingiziwa testosteroni.

Mwinuko wa Lubumbashi ni jambo dogo likilinganishwa na kobalti. Mita 1,300 huinua hemoglobini kidogo tu, na Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo kisomwe kwa kuzingatia hilo. Inatosha daktari akumbuke.

Selimundu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na sielewi kwa nini maandishi mengi ya homoni hupita kando yake. Nchini Kongo takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano amebeba nusu ya urithi huu. Hao ndio AS. Kwa AS mlango wa testosteroni uko wazi, kwa ufuatiliaji wa kawaida. Aliye SS, yaani aliyeurithi pande zote mbili, ana hesabu nyingine kabisa. Hematokriti yake ya kila siku inaweza kuwa asilimia 20 na kitu, na madaktari wanaomwongezea damu hujihadhari wasimpitishe sana 30, kwa sababu chembe zenye umbo la mundu zikijaa, damu hukwama na maumivu ya mifupa huanza, au kiharusi. Kiwango cha 54 kilichoandikwa kwenye miongozo hakimlindi mtu huyu hata kidogo; atakuwa taabani muda mrefu kabla ya kukifikia. Hilo halimaanishi akataliwe. Maana yake ni kwamba daktari wa damu awepo tangu siku ya kwanza, dozi ianze chini sana, na dawa ya hidroksiurea, kama anaitumia, isiachwe.

Wapo watu wazima wasiojua wako upande gani. Kipimo cha Emmel, kinachofanywa katika maabara nyingi za Kongo kwa sababu ni rahisi, huonyesha kwamba chembe zinaweza kupinda, lakini hakitenganishi AS na SS. Elektroforesi ya hemoglobini ndiyo inayotenganisha. Aliyewahi kuambiwa tu "Emmel ni chanya" akatafute elektroforesi kabla ya sindano.

Malaria huvuruga hesabu kwa upande wa pili. Mtu aliyetoka kuugua juzi, GE yake, kile kipimo cha malaria cha tone la damu, ikiwa na vijidudu, atakutwa na damu pungufu. Akianza testosteroni wiki hiyo, baada ya miezi mitatu karatasi itaonyesha mruko mkubwa, na hakuna atakayejua ni dawa imemrusha au ni mwili uliopona. Ni vizuri asubiri wiki kadhaa baada ya kupona ndipo apime. Upungufu wa damu wenyewe haumzuii mtu kuanza, mradi chanzo kitafutwe, kiwe minyoo, hedhi nzito au lishe ya bukari, yaani ugali, isiyo na kitoweo. Na asubuhi ya kupimwa anywe maji ya kutosha, hasa kiangazi, kwa sababu mwili uliokauka huonyesha hematokriti ya juu isiyokuwa ya kweli.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Katika maabara za Lubumbashi kinaitwa NFS, na mtu yeyote aliyewahi kulazwa amekifanya. Ugumu unaanza kwenye karatasi ya kukiombea, penye herufi M au F. Herufi hiyo ndiyo inayochagua viwango vya kulinganishia. Kabla ya dawa, F inafaa kwa damu. Miezi michache baadaye mwili utakuwa na homoni za kiume na damu ya kiume, na karatasi ikiwa bado ina F, hematokriti ya 48 itapigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni hatari, ilhali kwa mwanaume ni ya kawaida. Kosa la upande mwingine ni baya zaidi. Mtu mwenye 39 ataambiwa yuko sawa kwa viwango vya F, wakati kwa mwanaume anayetumia testosteroni namba hiyo ni dalili kwamba anavuja damu mahali fulani au hana chuma. Kadi ya mpiga kura, ambayo wengi nchini Kongo huitumia kama kitambulisho, itaendelea kusema F, na mbele ya dirisha la maabara si kila mtu ana usalama wa kueleza. Daktari anayemtuma anaweza kumpunguzia mzigo huo kwa kuandika viwango anavyovitaka juu ya karatasi, bila kutaja sababu. Ni mstari mmoja wa kalamu, na nawasihi madaktari wauandike.

Mambo mengine ya mwanzo nitayapitia haraka kwa sababu hayatofautiani sana na ya mahali pengine. Shinikizo la damu, ile tansyo, lipimwe na litulizwe kwanza kama liko juu, kwa kuwa testosteroni hulipandisha kidogo. Mafuta ya damu pia, maana dawa hushusha yale mazuri. Sukari ipimwe kwa mwenye uzito mkubwa au mwenye wazazi wenye kisukari. Homa ya ini aina ya B ni ya kawaida Kongo, na aipime kila mtu. Sindano za testosteroni hazilisumbui ini sana, tofauti na vidonge vya zamani vya methiltestosteroni, ambavyo asivikubali hata akipewa bure. Anayekoroma usiku na kuamka amechoka aseme, kwani pumzi inayokatika usingizini nayo huifanya damu iwe nzito. Sigara iachwe. Katika orodha hii yote hakuna kinachopunguza hatari haraka kama hicho.

Mimba inahitaji maneno zaidi, kwa sababu vijana wengi wameamini uongo mmoja hatari. Testosteroni haizuii mimba. Hedhi inaweza kukatika na yai likaendelea kutoka. Mtoto aliye tumboni akikutana na testosteroni, maumbile yake yanaweza kuathirika, ndiyo maana kipimo cha mimba hufanywa kabla ya kuanza, na anayelala na mtu mwenye mbegu anahitaji kinga, iwe kondomu, kitanzi au kipandikizi cha mkononi. Nasema hivi nikijua kwamba wapo waliobakwa ili "warekebishwe". Huo ni uhalifu, na aliyefanyiwa ana haki ya dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku tano na ya kuzuia VVU ndani ya saa 72, awe na ndevu au asiwe nazo.

Uwezo wa kuzaa baadaye haufungwi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikusanya habari za wanaume wa transi 41 waliobeba mimba na kuzaa, na wengi wao walikuwa wametumia testosteroni kabla, wakaiacha. Hata hivyo hakuna anayeweza kumwahidi mtu mmoja mmoja kwamba itakuwa hivyo kwake. Katika familia zetu, ambako mtu huulizwa juu ya watoto kabla ya kuulizwa juu ya afya, mazungumzo haya yafanyike sindano bado iko kwenye boksi.

Shingo ya kizazi nayo ipimwe mapema. Saratani yake ni miongoni mwa zinazoua zaidi katika eneo letu, na aliye na kizazi ana hatari hiyo hata jina lake likiwa la kiume. Testosteroni hukausha ukuta wa uke, kipimo kikauma zaidi na sampuli ikawa ngumu kusomeka. Kwa hiyo mwenye umri wa kupimwa afanye hivyo kwanza, hata kwa kile kipimo rahisi cha siki, na amwombe muuguzi anayemwamini.

Na ile chupa? Testosteroni nyingi ya sindano inayozunguka mikononi mwa watu haikuandikwa na daktari. Hupitia kwa wanyanyua vyuma na maduka ya dawa yasiyouliza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni hafifu au bandia. Chupa isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha isitumike. Dawa hii huyeyushwa katika mafuta, na aina kama Sustanon hutumia mafuta ya karanga, hivyo mwenye mzio wa karanga aulize kwanza. Sindano moja ni ya mtu mmoja, mara moja. Kuhusu dozi, miligramu 250 zikipigwa kwa mkupuo baada ya kila wiki tatu huipandisha homoni ghafla na kuiangusha, na kupanda huko huisukuma damu juu kuliko dozi ndogo ya kila wiki yenye jumla ileile. Kijana akiniuliza abadili nini kwanza, nitamwambia agawanye dozi.

Baada ya tahadhari zote hizi, msomaji anaweza kudhani ushauri wangu ni kungoja. Hapana. Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne waliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 64 waliotaka testosteroni, nusu wakaanza mara moja na nusu wakasubiri miezi mitatu kama ilivyokuwa kawaida ya foleni. Walioanza walipungukiwa na huzuni na mawazo ya kujiua kuliko waliosubiri. Kungoja nako kuna madhara, na daktari anayemzungusha mtu mwaka mzima kwa kuogopa kulaumiwa anamwongezea hatari ambayo haitaonekana kwenye NFS. Vipimo nilivyovitaja, ukiondoa elektroforesi, vinaweza kukamilika ndani ya wiki moja.

Kisha mwezi wa tatu arudi maabara ileile, kwa sababu mashine mbili hazisomi sawa, na apimwe siku chache kabla ya sindano inayofuata. Afanye hivyo kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, halafu mara moja au mbili kwa mwaka. Hematokriti ikipita 50, dozi ipunguzwe au igawanywe, maji yaongezwe, sigara na kazi ya vumbi viulizwe upya. Ikipita 54, dawa isimame mpaka ishuke, kisha ianze kwa dozi ndogo. Kwa aliye SS namba za kuanzia kuchukua hatua ziandikwe na daktari wake wa damu juu ya faili, kwa tarakimu, kabla ya dozi ya kwanza. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, au maneno yakianza kukwama mdomoni, aende hospitali saa hiyohiyo na amtajie daktari wa zamu kwamba anatumia testosteroni, hata kama ni usiku na hata kama kadi inasema jingine.